Mkono wa kimono usiuachie: mwongozo kamili wa kuanza judo ukiwa mtu mzima

Watu wakisikia nafundisha judo swali la kwanza huwa "hiyo kitu inasaidia mtaani?", alafu wale waliosomasoma kidogo wanauliza falsafa yake ikoje, kana kwamba hivyo ni vitu viwili, kimoja cha kupigana na kingine cha kusoma ukiwa umekaa. Mimi naamini ni kitu kimoja, na hiyo falsafa huipati kwa kusoma maneno yaliyobandikwa ukutani. Unaipata pale unapomwangusha mwenzio huku mkono wako wa kushoto bado umeshikilia mkono wa kimono chake ili kichwa chake kisigonge chini. Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayeanza toka sifuri, awe na miaka 20 au 50, mwanaume au mwanamke. Sehemu nzito tutakaa nazo, nyepesi tutazipita haraka.

Kwanza ujue imetoka wapi

Judo ilianzishwa Tokyo mwaka 1882 na kijana wa miaka 21 anaitwa Kano Jigoro. Alikuwa mfupi, kama sentimita 157 hivi, na alivyokuwa shule ya bweni wakubwa walimwonea sana, ndo maana akaanza kutafuta mtu wa kumfundisha jujutsu, sanaa ya zamani ya Kijapani ya kupigana. Kipindi hicho jujutsu ilikuwa imeshuka thamani kabisa, samurai walishapoteza nafasi yao baada ya mageuzi ya 1868 na mwaka 1876 wakapigwa marufuku kutembea na panga, walimu wengi wa zamani walikuwa wanaishi kwa kazi ya kuunga mifupa. Mwalimu wake wa kwanza, Fukuda Hachinosuke, alikuwa mmoja wao.

Kwenye darasa la Fukuda kulikuwa na jamaa mmoja mkubwa wa mwili, Fukushima, ambaye Kano alikuwa hamuwezi hata kidogo. Sasa angalia alichofanya: alikwenda maktaba. Akasoma mbinu za sumo, akasoma mieleka ya Wazungu, akapata mbinu ya kuingia chini na kumbeba mtu mabegani, akaifanyia mazoezi na wenzake, kisha akarudi na kumwangusha Fukushima. Hiyo mbinu leo inaitwa kata guruma. Mimi naipenda hii habari kwasababu inaonesha judo ilianza kwa mtu kukaa chini na kufikiri kwa nini anashindwa, misuli ilikuja baadaye.

Alipofungua darasa lake akaliita Kodokan, lilikuwa kwenye hekalu la Eishoji, mikeka 12 tu, na mwaka wa kwanza alipata wanafunzi 9. Kitu kikubwa alichokifanya pale ni kutenganisha mbinu. Zile za hatari, kupiga ngumi, mateke, kuvunja viungo ovyo, alizibakisha kwenye kata, yaani mazoezi ya kupangwa ambapo kila mtu anajua kinachokuja, na zile ambazo watu wanaweza kufanyiana kwa nguvu zote bila kuumizana akaziweka kwenye randori, mpambano huru. Wengine wanasema hapo ndo jujutsu ilipolegezwa, mimi sikubaliani nao kabisa, mana mbinu ya hatari huwezi kuifanyia mazoezi kwa nguvu zako zote na mtu anayekataa, utaifanya polepole na mtu anayekubali, lakini mtupo wa judo utaujaribu mara elfu kwa mtu ambaye hataki kabisa kuanguka, sasa niambie siku ya shida ni upi utakaokuja wenyewe bila kufikiri.

Kanuni mbili, usizikariri tu

Mwaka 1922 Kano alizitangaza rasmi kanuni mbili ambazo judo nzima inazitegemea. Ya kwanza ni seiryoku zen'yo, tumia nguvu ulizonazo, za mwili na akili, kwa namna inayoleta matokeo bora. Ya pili ni jita kyoei, mimi na wewe tunufaike pamoja.

Ya kwanza Kano mwenyewe aliieleza kwa hesabu. Chukulia mwenzangu ana nguvu 10, mimi nina 7. Akinisukuma kwa nguvu zake zote nikamgomea, nimekwisha. Lakini akinisukuma nikarudi nyuma kwa kiasi kilekile anachosukuma, anajikuta anainama mbele, balansi imepotea, na mtu asiye na balansi hana tena zile 10, labda zimebaki 3. Hapo nahitaji nusu tu ya nguvu zangu kumwangusha, nyingine nabaki nazo. Watu wanaidhania hii kwamba judo ni kulegea, hapana, hata ukiwa na nguvu kumzidi bado ni bora kutumia kidogo na kubakiza.

Ya pili wengi wanaichukulia kama maneno matamu ya kufungulia darasa. Lakini fikiria, ili mimi nijifunze kutupa nahitaji mtu wa kumtupa, na nikimvunja leo kesho sina wa kufanya naye mazoezi. Na yeye akinipa mwili wake nimtupe amenipa kitu kikubwa sana, amenipa shingo yake na mgongo wake. Lazima nimrudishe salama na lazima na mimi nimpe zamu.

Hatua ya 1: Mchunguze mwalimu kabla hujalipa

Hapa nitakaa kidogo mana ndipo watu wanapoumia. Mwaka 2012 Japani ilifanya sanaa za mapigano za jadi kuwa somo la lazima kwenye shule zao za kati, na shule nyingi zilichagua judo. Watafiti na wazazi wakapaza sauti, kwasababu kumbukumbu zilionesha kwamba tangu 1983 zaidi ya wanafunzi 100 walikuwa wamefariki kwenye judo ya shuleni, wengi kwa kuumia kichwa, na wengi walikuwa wapya ambao hawajajua kuanguka. Mtupo uliokuwa unatajwa sana ni osoto gari, ule wa kumfagia mtu mguu kwa nyuma, kwasababu unampeleka chali moja kwa moja na asiyejua kukunja kidevu anagonga kisogo. Hii ni Japani kwenyewe, nyumbani kwa judo. Alafu mwaka 2013 kocha mkuu wa timu yao ya taifa ya wanawake akajiuzulu baada ya wachezaji 15 kulalamika kwamba wanapigwa na kutukanwa mazoezini. Kwahiyo mkanda mweusi kiunoni, hata uwe wa Japani, hautoshi kukuambia kama mtu anafaa kukufundisha. Ufaransa, ambayo ina wanajudo zaidi ya nusu milioni, mtu haruhusiwi kufundisha judo kwa malipo bila diploma inayotambuliwa na serikali, na mimi naona wako sahihi.

Nenda kakae pembeni uangalie darasa zima kabla hujajiandikisha. Angalia mambo haya.

Wapya wanatumia muda gani kujifunza kuanguka? Kama siku ya kwanza mtu mpya anatupwa kwa nguvu, ondoka. Wapya wanapangwa na nani, wanapewa watu wazoefu watulivu au wanaachiwa vijana wenye hamu ya kuonesha uwezo? Mtu akigonga mkeka kusema basi, mwenzake anaachia saa hiyohiyo au anaongeza kidogo? Mwalimu anamsikia? Mtu akigonga kichwa anaambiwa akae pembeni, au anaambiwa ajikaze? Hili la mwisho ndo kubwa kuliko yote, mtu aliyegonga kichwa na kichwa kinauma hatakiwi kurudi kwenye mkeka mpaka daktari amuone, hata akisema yuko poa, na mwalimu anayecheka na hilo hafai.

Angalia na mkeka wenyewe. Usiwe na mianya katikati ya vipande, vidole vya miguu vinaingia na kuvunjika, na usiwe mgumu kiasi kwamba ukibonyeza kwa kisigino unaisikia sakafu.

Hatua ya 2: Nguo, usafi na afya

Kimono cha judo ni kile kizito cha pamba kilichofumwa nene, cha karate kitachanika wiki ya kwanza. Cha mtumba kinafaa kabisa. Wanawake wanavaa tisheti nyeupe ndani. Kata kucha za mikono na miguu, vua pete, heleni, cheni, funga nywele. Miguu ioshwe, na kandambili zivaliwe mpaka ukingoni mwa mkeka, usikanyage choo peku kisha ukanyage mkeka ambao mwenzio atalaza uso wake. Kimono kifuliwe kila baada ya mazoezi, sio kila mwisho wa mwezi, fangasi za ngozi zinasambaa haraka sana kwenye michezo ya kushikana. Ukiwa na presha, tatizo la shingo au mgongo, kifafa, au ni mjamzito, ongea na daktari kwanza.

Kuna na suala la kuinama, ile rei mwanzo na mwisho wa zoezi, ambayo ndugu zetu Waislamu wengi wanaliuliza. Kwenye judo ni salamu kati ya watu wawili, sawa na kumwambia mwenzio "nakukabidhi mwili wangu, nitautunza wako". Kama dhamira inakusumbua ongea na mwalimu mapema, mazoezini wengi wanakubali kutikisa kichwa kidogo tu, ila kwenye mashindano kanuni za kimataifa zinataka wachezaji wainamiane. Na dada anayevaa hijabu asijione amefungiwa mlango, kwenye Olimpiki ya London 2012 Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alishindana akiwa amefunika nywele.

Hatua ya 3: Jifunze kuanguka

Hii inaitwa ukemi na kama ungekuwa na mwezi mmoja tu wa kufanya judo maisha yako yote ningekuambia ufanye hii tu uache mengine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 684,000 wanafariki kila mwaka kwa kuanguka, ni sababu ya pili ya vifo vya ajali baada ya barabara, na wengi wao ni wazee. Uwezekano wa wewe kuvamiwa na mtu ni mdogo ukilinganisha na uwezekano wa kuteleza bafuni. Uholanzi watafiti wameshapima jinsi ya kuanguka kwa mtindo wa sanaa za mapigano, wakaona inapunguza kishindo kwenye nyonga, na kuna mazoezi ya wazee yaliyotengenezwa kutokana na hilo. Sasa ukiniuliza thamani ya judo mtaani, jibu langu la kwanza ni hili, utakuwa mtu anayejua kuanguka.

Kuanguka chali. Anza ukiwa umelala kabisa. Kunja kidevu kiguse kifua, macho yaangalie fundo la mkanda wako, kichwa kiwe kimeinuka juu ya mkeka. Mikono ipishanishe kifuani, kisha piga mkeka kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja, viganja chini, mkono mzima toka kiganja mpaka juu ya kiwiko, na iwe mbali na mwili kama nyuzi 30 hadi 45. Ikiwa juu sana usawa wa mabega, bega linaumia, ikiwa karibu sana utaangukia mikono yako mwenyewe. Toa pumzi wakati wa kupiga. Rudia mpaka shingo ichoke, na itachoka kwelikweli siku za mwanzo, hiyo ni kawaida.

Ukizoea, anza ukiwa umekaa miguu imenyooka, jiangushe nyuma. Kisha ukiwa umechuchumaa. Mwisho ukiwa umesimama, na hapa siri ni kwamba unakunja magoti kwanza, unashuka kama unayetaka kukaa karibu na visigino vyako, alafu ndo unajiviringisha nyuma, kwahiyo urefu unaoanguka ni mdogo sana.

Kitu ambacho mwili wako utakataa kukiacha ni kupeleka mkono nyuma kujizuia. Kila mtu anafanya hivyo toka utotoni, na ndo njia ya haraka ya kuvunja kifundo cha mkono au kutegua kiwiko. Ukemi yote ni vita na hiyo tabia. Usiharakishe, ndo maana tunarudia mamia ya mara toka chini, mpaka mkono usahau kabisa.

Kuanguka ubavu. Peleka mguu wa kulia mbele ya wa kushoto kama unafagia, kunja goti la kushoto, kaa chini upande wa kulia, piga mkeka kwa mkono wa kulia peke yake. Miguu isigusane wala kupishana, mifupa ya kifundo na magoti ikigongana utaisikia wiki nzima. Fanya na upande wa pili. Huu ndo muanguko utakaoutumia zaidi mana mitupo mingi inakuleta ubavuni.

Kujiviringisha mbele. Mguu wa kulia mbele, mkono wa kulia uwe mduara, kidole kidogo kitangulie kugusa mkeka, kisha unajiviringisha juu ya mkono, bega la kulia, mstari wa mshazari mgongoni mpaka nyonga ya kushoto, na kupiga kwa mkono wa kushoto. Kichwa kisiguse kabisa. Ukisikia uti wa mgongo unagonga mfupa kwa mfupa, unajiviringisha moja kwa moja badala ya mshazari, anza upya ukiwa umepiga goti.

Wiki nyingi za mwanzo, kila zoezi lianze na haya. Wenye mikanda mieusi pia wanaanza nayo.

Hatua ya 4: Simama, shika, tembea

Hii fupi. Simama wima, miguu upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, usiinamishe makalio nyuma kwa woga. Mkono wa kulia shika ukosi wa kimono cha mwenzio usawa wa mtulinga, wa kushoto shika mkono wa kimono chake karibu na kiwiko. Vidole vidogo ndo vibane, kidole gumba na cha shahada vilegee, mkono ukikakamaa mwenzio anasoma kila unachotaka kufanya. Tembea kwa kuburuza nyayo, mguu mmoja ukifuata mwingine bila kupishana. Fanyeni hivi muda mrefu, mbele, nyuma, pembeni, bila kutupana, na msikilize uzito wa mwenzio unapohama toka mguu mmoja kwenda mwingine. Wapya wanaona hii inachosha. Mimi naona ndo darasa lenyewe.

Hatua ya 5: Mtupo wa kwanza, ogoshi

Kodokan inatambua mitupo 68. Usiguse 67. Anza na ogoshi, mtupo wa kiuno, kwasababu uko karibu na mwenzio, unamdhibiti mpaka chini, na anaanguka vizuri.

Kila mtupo una vipande vitatu. Kuzushi ni kuvuruga balansi yake, tsukuri ni kujiweka mahali sahihi, kake ni kumalizia. Kano alisimulia kwamba ilimchukua miaka kulielewa la kwanza. Alikuwa anafanya mazoezi na mwalimu wake wa Kito-ryu, mtindo mmoja wa jujutsu, Iikubo Tsunetoshi, mtu wa zaidi ya miaka 50 ambaye kila siku alikuwa anamtupa, mpaka siku moja Kano akajikuta yeye ndo anamtupa mwalimu mara baada ya mara. Mwalimu akashangaa, akamuuliza, Kano akaeleza kwamba amegundua namna ya kumvuruga mtu kwanza kabla ya kuingia, na Iikubo akakiri hana tena cha kumfundisha. Yaani umri na uzoefu wote ule ulizidiwa na kuelewa jambo moja.

Haya, kwa mtu wa mkono wa kulia:

1. Mwenzio yuko mbele yako, umeshika mkono wa kulia wa kimono chake kwa mkono wako wa kushoto. Vuta juu na mbele, mpaka visigino vyake viwe vyepesi. Hiyo ni kuzushi, kama visigino bado vimekaa chini usiendelee.

2. Piga hatua kwa mguu wa kulia, uweke mbele ya vidole vya mguu wake wa kulia, kwa ndani. Wakati huohuo mkono wako wa kulia unapita chini ya kwapa lake na kumzunguka kiunoni.

3. Geuka, mguu wa kushoto uje nyuma, sasa mnaangalia upande mmoja, mgongo wako umegusa kifua chake. Miguu yako iwe katikati ya miguu yake, magoti yamekunjwa, kiuno chako kiwe chini kuliko cha kwake. Wapya karibu wote wanaingia juu mno, alafu wanajaribu kumnyanyua kwa mgongo, na mgongo unawaambia kesho yake.

4. Nyoosha magoti, endelea kuvuta mkono wa kimono, geuza kichwa uangalie kushoto. Atapita juu ya nyonga yako.

5. Usiachie ule mkono. Anapofika chini uvute juu kidogo, simama imara, ili aangukie ubavu na kichwa kisiguse. Mkono wake wa kushoto uko huru kwa ajili ya kupiga, yaani wa kulia umeubeba wewe kwa niaba yake.

Namba tano ndo nimeandikia mwongozo mzima. Ukimwangalia mtu anayejua judo, utakuta sekunde ambayo amemshinda mwenzake kabisa ndo sekunde ambayo anamlinda zaidi. Jita kyoei ukiisoma kwenye karatasi inaweza kupita sikio moja na kutokea lingine, lakini ukishatupwa na mtu aliyeshika mkono wako vizuri na ukatupwa na aliyeachia, mwili wako utajua tofauti bila maelezo.

Fanya mara nyingi bila kutupa, ingia mpaka hatua ya tatu kisha rudi, hii inaitwa uchikomi. Kumi kumi, mnapokezana. Ukichoka ukaanza kuharibu, simama, usijifundishe makosa.

Hatua ya 6: Chini kwenye mkeka

Anza na kesa gatame, namna ya kumbana mtu aliyelala chali asiinuke. Mwenzio kalala chali, kaa ubavuni mwake upande wa kulia, mkono wako wa kulia uzunguke shingo yake, wa kushoto ubane mkono wake wa kulia chini ya kwapa lako, miguu yako ipanuke, kichwa chako kiiname chini. Uzito wako wote uwe kwenye mbavu zake, usiuegemeze mkeka kwa makalio. Kwenye mashindano ukimshikilia sekunde 20 umeshinda. Mtu mdogo anaweza kumzuia mkubwa kabisa hapa, na wanawake wengi niliowafundisha wanasema hapa ndo walianza kujiamini, kwa kujua kwamba kuwa chini sio mwisho.

Kukaba koo na kugeuza kiwiko vinakuja baadaye na mwalimu akiwepo, watoto wadogo hawaruhusiwi kabisa. Sheria ni moja, mwenzio akigonga mara mbili, mwili au mkeka, au akitoa sauti, unaachia palepale. Ukabaji unaozuia damu kwenda kichwani unamzimisha mtu kwa sekunde chache tu. Na wewe gonga mapema, hakuna tuzo ya kuvumilia.

Hatua ya 7: Randori

Baada ya miezi michache utaanza mpambano huru. Hapa falsafa inapimwa kweli, mana hofu inakuja na mtu anakakamaa, ananyoosha mikono kama nguzo, anazuia tu. Mwambie mwalimu akupange na mtu mzoefu, na jiwekee lengo moja la raundi, kwa mfano leo najaribu ogoshi peke yake, nikitupwa nitupwe. Usihesabu umeanguka mara ngapi. Ukiwa na mdogo kuliko wewe, punguza nguvu mpaka mbinu ndo ifanye kazi, ukiwa na mkubwa usishindane naye kwa kusukumana, kumbuka ile hesabu ya 10 na 7. Baada ya raundi ulizaneni, "ulinipataje pale?". Kano aliweka mihadhara na maswali kuwa sehemu ya mafunzo sawa na kata na randori, ila klabu nyingi leo zimeacha, jambo ambalo naliona ni hasara kubwa.

Mikanda isikusumbue. Kodokan walianza kutoa dani ya kwanza, yaani daraja la kwanza la mkanda mweusi, mwaka 1883 kwa wanafunzi wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro, na hizi rangi nyingi za njano, chungwa, kijani zilienezwa Ulaya miaka ya 1930 na Mjapani aliyekuwa anafundisha Paris, Kawaishi Mikinosuke, ili watu wasikate tamaa njiani. Mtazame Fukuda Keiko, mjukuu wa yule Fukuda mwalimu wa kwanza wa Kano, mwanamke mdogo wa mita 1.5 hivi, aliyeanza judo mwaka 1935. Miaka mingi wanawake walizuiwa kupita dani ya 5, wakaja kufunguliwa 1972, na yeye akaendelea kufundisha Marekani hadi shirikisho la judo la huko likampa dani ya 10 mwaka 2011, akiwa na miaka 98.

Na mtaani je?

Nisikufiche. Judo itakusaidia mtu akikushika, akikuvuta, akikukumbatia kwa nguvu, mana unashikwa kila siku mazoezini na unabaki mtulivu. Haikusaidii sana dhidi ya kisu au watu watatu, hapo seiryoku zen'yo ni kukimbia na kupiga kelele, wapeni simu waende. Na juu ya lami huyo unayemtupa hana mkeka wala hajui ukemi, anaweza kufa, kwahiyo mtu anayejua judo ana sababu zaidi ya kuepuka ugomvi kuliko asiyejua.

Thamani nyingine iko mbali na ugomvi. Mwanajudo Popole Misenga alizaliwa Bukavu, Kongo, vita ikamtenganisha na familia akiwa mtoto, akachukuliwa Kinshasa ambako alijifunza judo pamoja na watoto wengine waliopoteza makwao. Yeye na Yolande Mabika, naye wa Bukavu, walieleza kwamba makocha waliwafungia na kuwapunjia chakula walipopoteza mashindano, na mwaka 2013 walipokuwa Rio kwa mashindano ya dunia wakaamua kubaki kuomba hifadhi. Mwaka 2016 wote wawili waliingia kwenye timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, iliyokuwa na watu 10, na Popole akashinda pambano lake la kwanza kabla ya kutolewa na Mkorea Gwak Dong-han aliyekuwa bingwa wa dunia. Judo ileile ilifundishwa na watu waliowaumiza na baadaye na watu wa Rio waliowapokea, tofauti ni kama jita kyoei ilikuwepo au haikuwepo.

Kama kwenu hakuna klabu

Zanzibar judo inafundishwa toka miaka ya 1990 na kuna watu wa kuulizia, miji mikubwa ya Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ina klabu, anza na shirikisho la judo la nchi yako. Ukikosa kabisa, tafuta klabu ya jujitsu ya Kibrazili au mieleka, nayo ni mchezo wa kushikana na mengi ya chini yanafanana. Peke yako nyumbani unaweza kufanya kuanguka chali toka kulala na toka kuchuchumaa juu ya godoro la sponji lililowekwa sakafuni mbali na kuta na kingo za meza, hatua za kuingia ogoshi mbele ya kioo, na kuvuta tairi ya baiskeli au mpira wa ndani uliofungwa kwenye mti kama uchikomi. Mitupo ya kweli na mtu mwingine kwa kuangalia video, bila mkeka wala mwalimu, usifanye, na kukaba koo usijaribu hata kwa utani na mdogo wako.